Majitu Kwenye Swichi

Mtandao ukikatika kabisa, kazi yangu huwa nyepesi. Simu zinaita kila upande na hakuna anayebisha kwamba kuna tatizo. Unaotesha ni mtandao unaofanya kazi nusu, kwa sababu ile nusu nzima hugeuka shahidi dhidi ya anayelalamika.

Katika hospitali moja ya wilaya nilimkuta mtaalamu wa eksirei, mama wa makamo aliyebakiza miaka michache kustaafu. Kwa miezi mitatu alikuwa akisema picha zake hazifiki kwa daktari bingwa mjini. Kwa miezi hiyo hiyo mafundi wa kampuni iliyoleta mtandao walimjibu kwamba laini ni nzima. Walipima kwa pingi, ikarudi. Na yeye mwenyewe alikuwa akimwandikia daktari yule ujumbe mfupi, unafika. Hitimisho likawa rahisi: mama hajui kompyuta. Barua ya onyo ilishaingia kwenye faili lake. Wagonjwa nao walipanda basi na picha zao kwenye bahasha, wengine nyonga zimevunjika, ili zikasomwe.

Nilimwamkia. Akaitikia bila kuinua macho.

"Na wewe umekuja kunifundisha kubonyeza?"

"Hapana, mama. Nimekuja kukuona ukituma."

Akatuma. Skrini ikaandika kwamba imeunganishwa, mstari wa kijani ukachomoza kidogo, ukaganda. Akanitazama kama mtu aliyeonyesha kidonda.

Picha haisafiri nzima. Hukatwa vipande, na kila kipande ni pakiti. Tangu kiwango cha Ethaneti kilichotolewa na Digital, Intel na Xerox mwaka 1980, mzigo wa juu wa kawaida ni baiti 1,500. Ukomo huo ambao kifaa kinaukubali ndio mafundi tunauita MTU. Sasa, pingi ya kawaida ya Windows hubeba baiti 32 tu. Kuithibitisha njia kwa pingi hiyo ni kama kumpitisha mtoto mlangoni, kisha ukatangaza kwamba na kabati litapita. Ujumbe mfupi ulipita kwa sababu ni mtoto. Hata salamu za mwanzo za kuunganisha kompyuta mbili ni pakiti ndogo, ndiyo maana skrini ilisema imeunganishwa. Picha ya eksirei ni kabati.

Nikapima kwa kuongeza uzito, nikiagiza pakiti isikatwe njiani. Baiti 1,400 zikarudi. 1,448 zikarudi. 1,449, kimya. Nikarudia mara kumi, kimya kile kile.

Nikachukua kalamu. 1,448 na baiti 28 za vichwa vya pakiti ni 1,476. Kampuni ilikuwa inaifunga kila pakiti ndani ya handaki lake, na kifungashio hicho kina baiti 24. Jumla 1,500 kamili. Kwa hiyo pakiti iliyojaa, yenye baiti 1,500, ilitoka hospitalini ikiwa na 1,524. Ruta za pande mbili zilikuwa zimepangwa kukubali hadi 1,600, kwa hiyo zenyewe hazikuona tatizo. Lakini kati yao, kwenye mnara, palikuwa na swichi iliyoachwa kwenye 1,500.

Ruta hufanya kazi kama mizani ya barabarani. Lori likizidi uzito, ama mzigo unagawanywa, ama dereva anarudishwa na karatasi inayosema kiwango ni kadhaa, punguza. Utaratibu wa karatasi hiyo uliandikwa mwaka 1990, na intaneti inautegemea hadi leo. Swichi haina karatasi. Yenyewe husukuma fremu kutoka mlango mmoja kwenda mwingine. Ikipata iliyozidi, inaitupa. Haimwambii aliyetuma wala anayesubiri.

Kitu kimoja tu hufanya: inahesabu. Fremu zilizozidi kipimo huwekewa namba yake, na katika lugha ya swichi nyingi zinaitwa majitu. Nikampigia fundi wa zamu wa kampuni, nikamwomba aingie kwenye swichi ya mnarani anisomee majitu. Nikaweka simu kwenye spika.

"Tuma tena, mama."

Akabonyeza. Fundi akasoma namba. Akasoma tena, imepanda. Kompyuta ilikuwa inajaribu upya kutuma pakiti zile zile, na kila jaribio likaangukia pale pale.

"Kumbe zinaondoka hapa," mama akasema taratibu.

"Zinaondoka. Zinatupwa njiani."

Siku ile ile kampuni ilishusha handaki hadi 1,476 kwenye ruta zote mbili, na kuziagiza zibane vipande vya data visizidi baiti 1,436, ili kompyuta zisifungashe kupita kiasi. Jioni picha ya kwanza ilifika mjini. Wiki iliyofuata swichi ikapandishwa hadi 1,600 kama wenzake.

Nilidhani kazi imekwisha. Nikiwa nafunga begi, mama akavuta kiti, akanipa karatasi nyeupe.

"Niandikie, mwanangu. Uliyoyaeleza kwa mdomo hawatayasikia."

Nikaandika kurasa mbili: vipimo, saa, namba za majitu kabla na baada. Akazisoma zote, akiniuliza kila neno asilolijua. Kisha akasema pamepungua sentensi. Nikaiongeza chini: malalamiko ya mtumishi huyu yalikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Akatoa nakala tatu, akaenda nazo masijala, na hakuondoka dirishani mpaka kila moja ilipogongwa muhuri.