Mlio wa Simu

Mwaka 1998, pale Ngamiani mjini Tanga, kompyuta yetu ilitumia Linux, mfumo aliouanzisha Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Barua ya mama kwa kaka aliyekuwa Maskati, kuhusu shamba letu la minazi la Pangani, ilikaa siku tatu haijaondoka, na mnunuzi anataka jibu. Kila tukijaribu, modemu inakataa kupiga. Linux ina sifa moja ninayoipenda mpaka leo: haifichi kosa, huliandika. Tukafungua kumbukumbu zake, tukakuta neno lile lile kila mara: simu haina mlio. Nasi tukiinua mkono wa simu, mlio tunausikia waziwazi!

Kumbe modemu ile, iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani, ilingoja mlio wa kwao. Wa kwetu haikuutambua. Dawa yake ilikuwa kuongeza X3 katika amri za kuiandaa modemu, yaani piga namba, usingoje mlio. Mama alikuwa kwenye msala wa alasiri taa zilipowaka. Modemu ikalia kama paka wanaogombana, halafu kimya. Barua ikaenda.

Kesho yake kaka akajibu: shamba lisiuzwe.