Wavulana Wawili na Mbuzi ya Nazi

Wiki hii tumeonelea tuzungumze na familia zetu, na hasa na akina mama, juu ya jambo ambalo si mara nyingi hupandishwa mimbarini: namna wavulana wadogo wanavyoishi ndani ya nyumba. Tunaposema "sisi" katika makala haya tunakusudia watu wawili, mwandishi na mama watoto wake. Yeye ameyasoma haya yote kabla hayajatumwa, na sentensi mbili amezifuta.

Mwenyezi Mungu alituruzuku wana wawili baada ya kungoja miaka 7. Mkubwa ana miaka 8 na mdogo ana miaka 5. Asubuhi wanakwenda shule, baada ya laasiri wanakwenda chuoni, na baina ya hapo na usiku ni sauti, mbio, ugomvi wa kofia na mpira unaogonga mlango wa jirani. Tunakaa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, nyumba ya vyumba viwili juu ya ghorofa, na anayeijua mitaa hiyo anajua kwamba jirani akikohoa huitikiwa dua na nyumba ya pili. Watoto waliongojewa hubebwa kama mayai. Jamaa wa pande zote mbili waliwabeba hivyo. Kila aliyekuja alikuja na cha kuwapa, na hakuna aliyekuja na cha kuwatuma.

Mwaka jana mgongo wa mama watoto ulishikwa. Ulianza kama uchovu wa kawaida, ukawa maumivu yanayoteremka mguuni, na mwisho daktari alimkataza kuinama na kuinua kitu kizito kwa muda wa miezi 3. Tulirudi nyumbani na karatasi ya dawa, tukakaa ukumbini, tukaanza kuhesabu. Ukiihesabu kazi ya nyumba ya Mswahili utaona kwamba karibu yote hufanywa kwa kuinama. Kufagia kwa ufagio wa chelewa ni kuinama. Kufua ni kuinama, kupepea seredani ni kuinama, kutandika mkeka ni kuinama, kukuna nazi ni kukaa chini ukaukunja mgongo. Na maji ya bomba, kwa desturi yake mtaani kwetu, huja siku anayopenda na saa anayopenda, kwa hiyo kuna madumu ya kujaza na kuyaingiza ndani. Msichana aliyekuwa akitusaidia alikuwa ameolewa mwezi mmoja kabla ya hapo, Mwenyezi Mungu aibariki ndoa yake.

Ushauri haukukosekana. Jamaa mmoja, kwa nia njema kabisa, alijitolea kutuletea binti wa nduguye kutoka shamba, mtoto wa miaka 13, aache shule kwa mwaka mmoja aje atusaidie. Tulimshukuru, na tulikataa. Tulikataa kwa sababu iliyo wazi kama mchana: katika nyumba hii mna wavulana wawili wazima wa viungo, wanaopanda ngazi kwa mbio mara 20 kwa siku. Itakuwaje mtoto wa watu akatwe masomo yake ili aje awaokotee hawa soksi? Yule jamaa alisema, "Lakini sheikh, hawa ni wanaume." Tukamwambia ndiyo, tunalijua hilo, tulikuwapo walipozaliwa.

Basi kazi zikagawiwa. Mwandishi alichukua maji, kufua na moto. Mkubwa akapewa kufagia ukumbi na ngazi, kuosha vikombe na sahani, na kukuna nazi. Mdogo akapewa kupanga viatu mlangoni, kutandika mkeka wa chakula na kuukunja, na kuhesabu vijiko, kazi aliyoipenda kwa sababu alikuwa amejifunza kuhesabu mpaka 20 na alitafuta kila sababu ya kufika huko. Vijiko vyetu ni 9. Alivihesabu mara mbili na kidogo.

Wiki ya pili alikuja mama mkwe wetu kutoka Malindi kumtazama binti yake. Alimkuta mjukuu wake wa kwanza amekaa juu ya mbuzi, kikoi kimefungwa kiunoni, sinia mbele yake, vidole viwili vimefungwa kitambaa kwa sababu ya meno ya mbuzi. Alisimama mlangoni na buibui lake bado mwilini. "Mwanangu," alimwambia mwandishi, na anapoanza kwa neno hilo tunajua kuna mengi nyuma yake, "mwanamume hakai mbuzini. Unataka kesho wenziwe wamcheke?" Tulimpokea mkoba, tukamkalisha, tukamtilia chai. Mzee wa umri wake hajibiwi mlangoni.

Usiku, baada ya isha, tulizungumza naye. Tulimkumbusha habari anayoijua tangu chuoni. Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, naye akajibu kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Imepokewa pia kwamba alikuwa akishona kiatu chake mwenyewe na kukama mbuzi wake mwenyewe. Tukasema: Mtume wetu alikama mbuzi, na mwanetu amekalia mbuzi asiye na maziwa ila tui. Mama mkwe alicheka, lakini hakukubali. Alisema Mtume alifanya hivyo akiwa mtu mzima ambaye heshima yake imeshasimama, na mtoto ni jambo jingine. Hiyo ni hoja, nasi hatukuidharau. Tukamtajia Anas bin Malik (r.a.), ambaye mama yake, Umm Sulaym, alimpeleka kwa Mtume angali mtoto, akamtumikia miaka 10. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba katika miaka yote hiyo hakuambiwa hata "uff", wala hakuulizwa kwa nini umefanya hiki na kwa nini hukufanya kile. Siku moja alitumwa akapita kwa watoto waliokuwa wakicheza sokoni akasimama nao. Mtume (s.a.w.) akamjia kwa nyuma, akamshika shingoni, na Anas alipogeuka alimwona anatabasamu.

Habari hii ya Anas tumeikumbuka mara nyingi kwa ajili yetu wenyewe, maana mkubwa wetu naye akitumwa kununua unga hupita uwanjani, na unga hufika nyumbani baada ya magoli matatu. Kumtuma mtoto ni elimu yake yeye, lakini kumngoja arudi, na kumpokea akishachelewa, hiyo ni elimu ya mzazi, na darasa lake ni refu.

Asubuhi yake mama mkwe alikaa kigodani jikoni akimtazama mjukuu. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema, "Sivyo. Izungushe." Akaishika mikono yake na kumwonyesha namna ya kukizungusha kifuu kidogo kidogo badala ya kukisukuma mbele na nyuma, na namna ya kuacha mara tu ule weusi wa ganda unapokaribia, ili tui lisichafuke rangi. Akamfundisha kuchuja kasimile kwanza na kuiweka kando, kisha kutia maji na kukamua tena. Kwa siku 12 alizokaa nasi aliendelea kusema kwamba mwanamume hakai mbuzini, na kila siku aliendelea kumfundisha. Wako watakaosema kwamba siku hizi nazi hukunwa kwa mashine na tui huuzwa katika pakiti. Ni kweli, na siku za haraka nasi hununua. Lakini mashine haimfundishi mtu kukaa chini akamaliza alichokianza.

Kulikuwa na jambo jingine katika miezi ile ambalo hatukulisema kwa wageni. Mdogo alianza kulala nje ya mlango wa chumba cha mama yake. Tulimbeba kila usiku tukamrudisha kitandani kwake, na alfajiri tukamkuta palepale, amejikunja juu ya msala. Tulidhani ni baridi, au ndoto. Siku moja mkubwa, akiwa anaosha vikombe na amewapa watu mgongo, aliuliza, "Mgongo wa mama umeharibika kwa sababu ya kutubeba sisi?" Tukafahamu kwamba wamekuwa wakilizungumza baina yao wakizima taa, na kwamba yule mdogo alikuwa akilinda mlango asije mama akainuka kumbeba mtu.

Mama watoto ndiye aliyejibu, kwa sababu mgongo ni wake. Aliwaita wote wawili wakakaa pembeni ya kitanda. Hakuwaambia sivyo kabisa, kwani mtoto hujua anapopunguziwa ukweli. Aliwaambia kwamba kubeba kunachosha, na kwamba Mwenyezi Mungu ameitaja taabu hiyo ya mama katika Sura ya Luqman, kwa hiyo si siri wala si kosa la mtoto yeyote. Aliwaambia kwamba mgongo huu umebeba pia ndoo za maji tangu yeye ni msichana, na kwamba daktari amesema utapona ukipumzishwa. "Na nani anaupumzisha?" aliuliza. Mdogo akasema, "Mimi, na vijiko." Usiku ule alilala kitandani kwake.

Tangu siku hiyo hatukuhitaji kumhimiza mtu kufagia. Hatusemi kwamba wamekuwa malaika; juzi tu walipigana kwa ajili ya ganda la daftari. Lakini kazi ilikuwa imepata maana ambayo sisi tusingeweza kuitia kwa maneno.

Katika sura hiyo ya Luqman mna neno ambalo wanafunzi wetu wa chuoni hulipita haraka. Luqman anapomwita mwanawe hamwiti kwa neno la kawaida la "mwanangu". Anamwita "bunayya", nalo ni neno la kudogesha, la huruma, kama vile mtu wa Pwani anavyolainisha sauti anapomwita mtoto aje apakatwe. Kisha ndani ya ulaini huo anamwamrisha mambo mazito kabisa: tauhidi, swala, subira. Baba wengi wa Pwani tunao uzito, na ulaini tumewaachia akina mama.

Turudi kwenye mkeka. Tunakula sote katika sinia moja, na hapo ndipo penye mtihani wa kila siku, maana samaki ana vipande vizuri viwili na mikono ya kuvitafuta ni minne. Umar bin Abi Salama (r.a.) alikuwa mtoto wa Bibi Umm Salama, aliyelelewa nyumbani kwa Mtume (s.a.w.), na mkono wake ulikuwa ukizunguka sahani nzima. Mtume alimfundisha mambo matatu kwa mara moja: alitaje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Mkubwa wetu, ambaye fikihi imeanza kumwingia, ameshagundua kwamba ukiligeuza sinia kabla ya kusema bismillahi, kipande kizuri huwa mbele yako. Mama watoto sasa ndiye mwenye mamlaka ya kuligeuza sinia, na hukumu yake haina rufaa.

Swala hatuwezi kuiacha bila kuitaja, ijapokuwa wengi wameshaiandikia. Tumeamrishwa kuwaamrisha watoto swala wafikapo miaka 7, na suala la kuwatia adabu kwa kuiacha halikutajwa ila wafikapo 10. Wanazuoni hutuomba tuihesabu miaka mitatu iliyo baina yake. Mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354. Mara tatu, kisha mara swala 5 kwa siku, utapata 5,310. Hizo ndizo nafasi za kumkumbusha mtoto kwa upole. Sisi na mkubwa tumeshatumia zaidi ya elfu moja, na za alfajiri tunazihesabu mbili mbili.

Tunaandika haya tukiikumbuka baraza iliyo chini ya nyumba yetu. Vijana wanakaa pale tangu magharibi mpaka usiku wa manane, na tunawajua wengi wao, maana tuliwasomesha alifu. Wengine unga umeshawala. Hatusemi kwamba kukuna nazi kunazuia unga. Ugonjwa huo una milango mingi, na tumezika watoto wa nyumba njema. Lakini tumewauliza baadhi yao, na jibu linalojirudia ni kwamba nyumbani hapakuwa na mahali pao. Dada alikuwa na jiko, mama alikuwa na mashoga zake, baba alikuwa na msikiti na baraza yake ya wazee, na mvulana alipopindukia miaka 10 aliambiwa toka nje usitusumbue. Alikuja kula na kulala. Mtu anayekuja kula na kulala huitwa mgeni.

Mama watoto amepata nafuu, alhamdulillahi. Ile miezi 3 imepita zamani, naye amerudi kwenye upishi wake. Lakini kazi hazikurudishwa. Mkubwa bado anakuna nazi kila Ijumaa kwa ajili ya wali, na vidole havifungwi tena kitambaa. Mdogo amepandishwa cheo kutoka vijiko hadi kusafisha mchele, na huuchambua punje kwa punje, kiasi kwamba tukila adhuhuri yatupasa tuanze kumkabidhi baada ya alfajiri. Mama mkwe ametuma salamu kwamba anakuja Shaabani, na kwamba safari hii atawaonyesha mahamri, ingawa, kama alivyotuagiza tusisahau, mwanamume hasukumi unga.

Lililobaki ni kisu. Mkubwa anataka kisu chake mwenyewe cha kukatia vitunguu. Mwandishi anaona miaka 9 inatosha, mama watoto anasema 10, na shauri halijamalizika.