Ukimtafuta babu aliyekuwa Keya, anzia hapa Nairobi

Mwacha asili ni mtumwa, walinena wahenga. Je, msomaji, kwenu kuna medali kuukuu iliyofungwa kwenye leso, au hadithi ya babu aliyechukuliwa vitani na Waingereza? Basi usidhani ni lazima uende London kumtafuta. Kwa wakazi wa Nairobi, nauli ya matatu na siku moja ya likizo zatosha kuanza.

Anzia Kenyatta Avenue. Hapo pana sanamu tatu zilizozinduliwa mwaka wa 1928: askari wa King's African Rifles, ndiyo Keya, askari Mwarabu na mpagazi. Maandishi ni ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Yasome yote, hutaona jina la mwanajeshi hata mmoja. Hilo ndilo tatizo utakalopambana nalo.

Kisha nenda Kariokor. Jina hilo, sawa na Kariakoo ya Dar es Salaam, latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914-1918. Wengi wao hawakuuawa na risasi bali na kuhara damu, malaria na njaa. Mnamo 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwa sababu Waafrika wengi waliokufa hawakuwekewa majina kama walivyowekewa Wazungu. Kwa hivyo ukimkosa mzee wenu kwenye orodha, usiseme hakwenda.

Kutoka hapo, shika njia ya Ngong Road hadi makaburi ya vita yaliyofunguliwa mwaka wa 1941. Humo mna ukuta wa majina ya wasio na kaburi. Wamo askari waliosafiri kwa meli ya Khedive Ismail kutoka Mombasa wakielekea Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka. Meli hiyo ilizamishwa na nyambizi ya Japani Februari 1944. Kuna familia zilizongoja mtu arudi, kumbe jina lake liko hapa Nairobi.

Malizia Moi Avenue, kwenye Makavazi ya Taifa. Waombe wahudumu taarifa za wakuu wa wilaya yenu wa enzi za ukoloni. Tafuta jina kwa tahajia mbalimbali, kwani karani aliandika alivyosikia. Mwangi aweza kuwa Muange. Nambari ya jeshi ndiyo ya kutegemea zaidi. Kwa medali za Vita vya Kwanza, tazama ukingoni. Nyingi zimechorwa nambari na jina. Zile za Vita vya Pili, kama nyota ya Burma, Waingereza walizitoa bila jina, hivyo usizitegemee peke yake.

Lakini, mpenzi msomaji, kabla hujapanda matatu, kaa na nyanya au mzee mwingine wa ukoo. Muulize: babu alichukuliwa wakati wa chifu yupi? Alirudi mwaka gani, au mavuno yapi? Aliitwaje na wenzake kambini? Andika majibu kwenye daftari pamoja na tarehe. Makavazi yatafunguliwa kesho na kesho kutwa, lakini mzee hana ahadi hiyo.