Bandari Mbili za Kisiwa

Ukishuka Ndia Kuu asubuhi, Ngome ya Yesu ikiwa mgongoni, harufu ya papa mkavu hukupata kabla hujayaona maji. Kisha huja moshi wa mahamri na mafuta ya viazi karai. Uwanja ulio juu ya Bandari ya Kale, hapa kisiwani Mombasa, si mkubwa. Chini yake majahazi mawili yamefungwa, mbao zimepauka kwa chumvi. Ng'ambo ni Kisauni, karibu kiasi cha kuhesabu madirisha.

Mwaka 1991, dola ya Somalia ilipovunjika, vyombo vilikuja pwani hii ya Mombasa kutoka Kismayu, Barawa na Mogadishu vikiwa vimejaa wanawake na watoto. Wabarawa walikuja na Chimiini chao, lahaja iliyo jamaa ya Kimvita cha Mombasa, na wengine walikuwa na ndugu zao papa hapa mjini.

Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, bibi mmoja ananionyesha sebule yake. Mikeka imekunjwa ukutani.

"Hapa wakilala watoto, na kule mama zao," aniambia. "Sufuria la harusi, mwanangu, lilikuwa haliteremki mafigani."

Sufuria lenyewe lipo chini ya ngazi, jeusi kwa masizi. Mtoto wa miaka mitano angeogea humo.

Baadaye zilikuja kambi za wakimbizi, Utange na nyinginezo, nje ya kisiwa. Kabla miaka ya 1990 haijaisha zilikwisha kufungwa, na wengi wakahamishiwa bara. Kumpeleka Mbarawa, mtu wa samaki na nazi, kwenye vumbi la kambi ya Kakuma ni uamuzi wa aliyetazama ramani tu.

Upande wa pili wa kisiwa ni Kilindini. Huko hushuka nafaka inayokwenda kambini. Mabohari ya Shimanzi yananuka magunia na dizeli, na vumbi la mtama linakwama kooni. Gunia ni kilo 50. Trela likibeba tani 25, hayo ni magunia 500. Kwa gramu 400 kwa kila mtu kwa siku, gunia moja ni siku 25 za familia ya watu watano, nacho kipimo kambini kimepunguzwa mara kwa mara miaka hii.

Utingo anakaza turubai kwa kamba, goti limekandamiza mzigo. Namuuliza waendako.

"Kakuma, mzee. Siku tatu, barabara ikikubali. Hebu sogea, gari linarudi nyuma."