Vinubi vya Mpakani: Nabuyoga na Muziki Usioandikwa

Msafiri atokaye Kenya kwenda Uganda kwa njia ya Busia huvuka mpaka mahali penye pilikapilika kubwa. Malori ya mizigo hupanga foleni, wachuuzi hunadi bidhaa zao, na waendesha baiskeli na pikipiki huwaita abiria. Ni hapa Busia ambapo katika miaka ya 1960 wenye baiskeli walianza kuwavusha watu kutoka mpaka mmoja hadi wa pili, na kazi yao ikapata jina la bodaboda, ambalo sasa linatumika katika Afrika ya Mashariki yote. Tangu mwaka 2018 shughuli za forodha na uhamiaji za nchi zote mbili hufanyika chini ya paa moja, na msafiri hasimami tena katika ofisi mbili.

Akielekea kaskazini atauona mwamba wa Tororo, wenye kimo cha meta 1,483 juu ya usawa wa bahari, umesimama peke yake juu ya mji kama mlinzi. Nabuyoga imo katika wilaya hiyo ya Tororo, sehemu za Budama Magharibi. Hakuna mwamba hapo wala majumba ya ghorofa. Ni nchi ya wakulima wa mihogo, wimbi, mtama na karanga. Hata hivyo nchi hii na jirani zake zina hazina ambayo haionekani kwa macho. Hazina hiyo ni ya kusikilizwa.

NDUGU WALIOTENGANA

Wenyeji wa Nabuyoga ni Wapadhola, nao wenyewe hujiita Jopadhola. Lugha yao ni ya jamii ya Kijaluo, ingawa wamezungukwa na majirani wengi wenye lugha za Kibantu, kama vile Wanyole, Wasamia na Wagisu, pamoja na Wateso wenye lugha yao tofauti. Masimulizi ya wazee yanasema kwamba Adhola na Owiny walikuwa ndugu. Adhola alikaa hapa, na Owiny akaendelea na safari mpaka nchi ambayo leo ni ya Wajaluo wa Kenya. Baadaye wakoloni nao walifanya mgawanyo wao: mwaka 1902 Waingereza waliuondoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakautia katika himaya ambayo hatimaye iliitwa Kenya.

Mpaka uliwagawa watu, lakini vinubi haukuvigawa. Wapadhola wana kinubi chao kiitwacho tongoli. Ng'ambo ya pili, Wajaluo wana nyatiti, kinubi cha nyuzi nane. Mpiga nyatiti huketi juu ya kigoda kifupi, mkono mmoja ukitawala nyuzi nne na wa pili nne. Kidoleni mwa mguu huvaa pete ya chuma ambayo huigonga kwenye ukingo wa kinubi, na mguuni hufunga njuga. Basi mtu mmoja huwa mwimbaji, mpigaji na mpiga ngoma kwa wakati ule ule. Wateso, kwa upande wao, wana akogo, marimba madogo ya vyuma yanayochezwa kwa vidole gumba, nayo hupigwa na kundi zima.

Muziki wa namna hii hauandikwi kabla ya kupigwa. Mpigaji anao msingi wa wimbo, lakini maneno na mapambo huyapata pale pale, kwa kuwatazama waliohudhuria. Miongoni mwa Wajaluo ipo desturi iitwayo pakruok. Msikilizaji hutoa fedha, muziki ukasimama, naye akasimama kujisifu, kutaja majina yake ya utani, wazazi wake na marafiki zake. Akimaliza, mpiga kinubi hana budi kuendelea mara moja na kuyaingiza hayo aliyoyasikia katika wimbo. Asiyeweza kujibu haitwi fundi, hata kama vidole vyake vina kasi kama umeme.

JAZI ILIYO HURU

Katika Afrika ya Mashariki neno jazi limezoeleka kwa maana ya bendi za dansi. Wengi watakumbuka Morogoro Jazz ya Tanzania, au Shirati Jazz ya Daniel Owino Misiani, ambaye alizaliwa Tanzania, akapata sifa Kenya kwa muziki wa benga na akafariki mwaka 2006. Benga yenyewe ni mtoto wa nyatiti, kwani wapiga gitaa walizihamisha mbio za nyuzi za kinubi na kuzitia katika gitaa.

Lakini huko Marekani jazi ilifuata njia nyingine. Mwezi Desemba 1960, mjini New York, Ornette Coleman aliwakusanya wanamuziki wanane, akawagawa makundi mawili ya watu wanne wanne, wakapiga kwa pamoja kwa muda wa dakika 37 hivi bila kufungwa na mpangilio wa kawaida wa wimbo. Sahani hiyo ilitolewa mwaka 1961, na jina lake, lenye maana ya jazi huru, likawa jina la muziki wote wa aina hiyo. Wapo walioushangilia, na wapo walioziba masikio wakisema ni kelele.

Jambo la kufurahisha ni kwamba wengi wa watafutaji hao wa uhuru walitazama upande wetu. Mwaka 1960 mpiga piano Randy Weston alirekodi muziki alioupa jina la Uhuru Afrika, ambamo Tuntemeke Sanga wa Tanganyika alisikika akisema Kiswahili. Serikali ya makaburu wa Afrika Kusini iliipiga marufuku sahani hiyo mwaka 1964. Naye Herbie Hancock, katika kundi lake la mwanzo wa miaka ya 1970, alijiita Mwandishi, na wenzake wakachukua majina ya Jabali, Mchezaji, Mganga, Mwile na Pepo. Sahani yao iitwayo Mwandishi ilitoka mwaka 1971.

Kwa mzee wa Nabuyoga aliyezoea kinubi, kubuni papo kwa papo si uvumbuzi wa mwaka 1960. Tofauti ni kwamba hapa mpigaji haachi hadhira nyuma. Uhuru wake una adabu: husikiliza kwanza, ndipo akajibu. Hata wale wa New York, wakisikilizwa kwa makini, walikuwa wakisikilizana. Huru si holela.

Magharibi ya Tororo, katika nchi ya Busoga, upo mfano mwingine. Huko kuna embaire, marimba makubwa ya magogo yanayotandazwa juu ya shimo ili ardhi yenyewe iikuze sauti. Wapigaji kadhaa hukaa pande mbili, na pigo la mmoja huingia katika nafasi iliyoachwa na mwenzake. Sauti zikisukana, msikilizaji husikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wao anayezipiga peke yake. Mtaalamu Gerhard Kubik wa Austria, aliyejifunza marimba ya Kiganda kwa mwalimu Evaristo Muyinda, aliieleza siri hiyo kwa maandishi tangu mwaka 1960. Mwaka 2020 kundi la kijiji cha Nakibembe lilifika Berlin, Ujerumani, likapiga pamoja na wanamuziki wa Indonesia, na mwaka 2023 sahani yake ikatolewa.

KIPI KITAHIFADHIWA?

Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Jumba la Makumbusho la Uganda kuanzia 1948 hadi 1957, alizunguka nchini akinasa muziki wa makabila mengi. Nakala za kazi yake zimerudishwa Chuo Kikuu cha Makerere, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini yafaa ieleweke kwamba kinasa sauti huhifadhi jibu moja tu, lililotolewa siku moja kwa watu waliokuwapo siku hiyo. Ule uwezo wa kujibu hauingii katika utepe. Unakaa ndani ya mtu, na mtu huyo akifa bila mwanafunzi, unazikwa pamoja naye.

Hatari hiyo si ya kubuniwa. Mwaka 2012 bigwala, tarumbeta za vibuyu za Wasoga, ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Wakati huo mafundi wazee waliobaki walikuwa wanne tu. Mwaka 2016 muziki wa kinubi wa Wamadi ulifuata katika orodha hiyo hiyo. Kinubi huishi kwa kualikwa. Vikao vya pombe ya wimbi, ambapo wazee huzunguka chungu kimoja na mirija mirefu, ndivyo vilivyokuwa shule yake. Leo mwenye harusi au matanga akikodi vipaza sauti na nyimbo zilizokwisha kupigwa, mpiga kinubi hukosa riziki, na kijana aliye kando yake hukosa somo.

Desturi nayo yaweza kulegezwa bila kuuvunja urithi. Zamani nyatiti ilikatazwa kwa wanawake. Hata hivyo mzee Okumu K'Orengo wa Alego, katika Siaya inayopakana na Busia, alikubali kumfundisha msichana kutoka Japani, Eriko Mukoyama, ambaye sasa anajulikana duniani kwa jina la Anyango. Ikiwa mgeni wa mbali hivyo alipokewa, binti wa nyumbani atanyimwa kwa hoja gani?

Wazazi wa mpakani, basi, wana kazi ambayo haihitaji fedha nyingi. Mtoto na aketi karibu na babu anapokaza nyuzi. Aulize, akosee, arudie. Sherehe ya nyumbani ikifika, mpiga kinubi na aalikwe, hata ikiwa ni kwa saa moja kabla ya vipaza sauti kuwashwa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mkono unaozoea nyuzi mapema ndio utakaoweza kesho kumjibu mgeni, jirani na ndugu wa ng'ambo, kila mmoja kwa wimbo wake.