Baridi Katika Jua la Garissa

Wenzangu wa kidato cha tatu, mliniuliza mbona sikuonekana shuleni siku tisa, nami nikawajibu ati ni malaria. Nilidanganya. Leo nasema kweli.

Dada yangu mdogo alizaliwa usiku wa manane, mimba ikiwa ya miezi saba na ushei tu. Mizani ilisema gramu 1,600. Pakiti ya unga ya kilo 2 ilimzidi! Kwa hesabu ya madaktari, anayezaliwa kabla ya wiki 37 hajatimiza wakati, na aliye chini ya gramu 2,500 ana uzani mdogo. Wetu alikuwa na yote mawili. Alikaa hospitalini mpaka akajua kunyonya.

Siku tuliyomleta nyumbani Bulla Iftin, jua lilikuwa la kupasua mawe. Ayeeyo akamvua nguo zote. "Huyu ataiva," akasema, akaenda kuchota maji ya kumwogesha. Nani angembishia? Sote tulikuwa twatoka jasho. Jioni niligusa nyayo zake, loo! Baridi kama maji ya mtungi. Hakulia, na titi hakulitaka.

Tukamrudisha mbio kwa tuktuk. Sista aliyempasha joto hakugomba. Alisema mafuta ya chini ya ngozi hujijenga miezi ya mwisho tumboni, kwa hiyo aliyewahi kutoka hana akiba. Joto humtoka hata pale mtu mzima anapojipepea, na kumwogesha humzidishia. Mwili ukipoa, nguvu za kukua na kupumua huishia katika kutafuta joto.

Dawa yake ni malezi ya kangaruu. Mtoto hubaki na nepi, kofia na soksi, akalazwa wima kifuani, ngozi kwa ngozi, uso umegeuzwa upande asizibwe pumzi, kisha akafungwa kwa shuka. Yalianza Bogotá, Kolombia, mwaka wa 1978, daktari Edgar Rey alipokosa mashine za joto za kutosha. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani lahimiza yaanze mara tu baada ya kuzaliwa. Kumbe Hooyo alifunzwa wodini, ila alirudi na homa, nasi tukadhani hayo ni mambo ya hospitalini.

"Kifua cha yeyote mwenye afya kinafaa," sista akasema, akinitazama mimi. Aabo alikuwa safarini na mifugo. Mimi, mshambuliaji wa timu ya shule! Haya niliyoona siwezi kueleza.

Basi siku tisa nikawa mashine. Niliegemea ukuta, jasho tiriri, nikimsomea Kemia kwa sauti. Kila baada ya saa mbili tatu nilimpeleka kwa Hooyo anyonye. Ayeeyo alitaka kumwonjesha maziwa ya ngamia. Nikasema sista amekataza, ni ya mama tu. Akaninunia siku mbili nzima.

Siku ya tatu aliniletea chai kimya, akapapasa miguu ya mtoto. "Ina moto," akasema. Usiku ule aliponiona nasinzia, alifungua vifungo vya gauni lake: "Lete, ukalale."

Jumanne iliyopita mizani ilisema gramu 2,450. Sasa hatulii kifuani. Apiga mateke ashuke.