Ushahidi Uliomo Katika Damu

Msomaji, nyumba yangu ya Siyu ni ya mawe, na katika nyufa za kuta zake hukaa panya wasiolipa kodi. Mke wangu alipokuwa na mimba yetu ya kwanza, paka wetu alirudi usiku kutoka mashambani na panya kinywani, akamlaza mlangoni petu. Nilikuwa nimesoma kwamba wanyama hao hupokezana kijidudu kiwezacho kumdhuru mtoto tumboni. Kwa hofu nilimfukuza paka kwa fimbo. Jirani yetu, mama mtu mzima, akaniuliza, "Mwalimu, paka huyu umemshuhudia kosa gani?" Sikuwa na jibu.

Swali lile lilinirudisha vitabuni. Kijidudu chenyewe huitwa toksoplazma. Mwaka 1908, Charles Nicolle na Louis Manceaux walikiona mjini Tunis katika mnyama mdogo wa jamaa ya panya, ambaye huitwa gundi. Paka aliyeambukizwa hutoa mayai ya kijidudu katika kinyesi. Panya huyapata udongoni. Paka mwingine humla panya, na mzunguko huanza upya.

Wataalamu watakao kujua kama kijidudu kimeenea mahali fulani huwatega panya wa porini, huchukua matone ya damu, huyaacha yagande, kisha huyapima majimaji yanayojitenga. Humo hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda kumkabili adui mmoja maalumu. Wakionekana, panya yule amekwisha kukutana na adui. Lakini angalia: alama hiyo ni kama nyayo mchangani maji yakupwapo. Zaonyesha kwamba mtu amepita. Hazisemi alipita saa ngapi. Na panya mmoja asiye na alama hawatakasi wenzake. Ndiyo sababu hutegwa wengi.

Mimi sikupima, nilihukumu. Siku ya tatu paka alirudi amekonda, nikaona haya. Hatari kubwa ni mama kuambukizwa mara ya kwanza akiwa na mimba. Basi tukafanya lipasalo. Kinyesi cha paka nilikiondoa mimi kila siku, kwa kuwa mayai yale hayaambukizi mpaka ipite siku moja au zaidi. Mboga tuliziosha, nyama tuliipika ikaiva, mikono tulinawa.

Binti yetu alizaliwa salama, na leo humpakata paka yule yule. Msomaji, hofu ni mlinzi mwema, lakini ni kadhi mbaya.